Jina Walilolitaka

Sehemu ya Kumi na Moja

"Kama ulikuwa unadanganya ili waache kukupiga, huo mwili ulifikaje pale pale ulipopataja?"

Hapo ndipo tulipomwacha kijana wa watu Jumamosi iliyopita, kizimbani, swali la Wakili wa Serikali limemkaa kooni na ukumbi mzima unamkodolea macho. Wiki nzima simu yangu haikupoa. Mwandishi, ajibu bwana, unatutesa. Ati nawatesa! Haya, leo anajibu, ila jibu lenyewe msije mkanilaumu mimi.

Aliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza nimfungulie njia haraka haraka. Fidelis ni bodaboda wa Mafiga, hapa hapa Morogoro. Mwaka jana alimpakia Erick, dalali wa mashamba, kutoka Msamvu mpaka huko juu Uluguru, akamshusha, akarudi zake mjini. Erick hakurudi. Fidelis akakamatwa, akalazwa kituoni, na mwishowe akasaini maelezo ya onyo kwamba yeye ndiye aliyemuua na maiti ameificha ndani ya msitu wa ukoo wao. Polisi wakaenda, wakaikuta.

Leo Fidelis anasema alisaini kwa kipigo. Inspekta Gervas, aliyemhoji, ameapa kwa Biblia kwamba kijana alisema yote kwa hiari yake huku akinywa chai ya maziwa. Basi Jaji akaisimamisha kesi kubwa, akaanza kusikiliza ile ndogo iliyomo tumboni mwake, wanayoiita kesi ndani ya kesi: hayo maelezo yalitoka kwa hiari au kwa kipigo? Yakipokelewa, kijana anakwenda kunyongwa.

Benchi la mbele alikaa mama yake, Felista, mkulima wa mboga wa huko juu ya Bigwa. Pembeni yake alikaa kaka yake wa tumbo moja, mzee Benedikto, mkubwa wa lukolo, yaani ukoo wao. Felista alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake.

Fidelis akaomba maji. Akapewa kikombe, akakishika kwa viganja viwili, maana vidole vya mkono wa kulia havijakunjika tena tangu atoke kituoni. Wakili wake, Hidaya, binti wa kituo cha msaada wa kisheria, akamwangalia Jaji kuhakikisha ameona.

"Sikujua kama mle mna mwili," Fidelis alisema. "Niliutaja msitu kwa sababu ya mjomba."

Jaji akamwambia afafanue, naye akafafanua. Alisema walimfunga mikono na miguu pamoja, wakapitisha bomba katikati, wakalilaza bomba juu ya meza mbili, yeye akaning'inia kichwa chini. Wakawa wanampiga nyayo na kumuuliza maiti iko wapi. Akisema hajui, wanaongeza. Akataja mto, wakamwambia mtoni walishatafuta, wakaongeza. Akataja daraja, wakaongeza.

Ndipo akamkumbuka mjomba wake. Wanaowajua Waluguru hapa mtanielewa mara moja. Mtoto kwao ni wa upande wa mama, na siku mambo yakimwia magumu anayesimama kumsemea ni mjomba. Na msitu wa ukoo, wenyewe Jumapili wako kanisani wote na rozari zao, lakini msitu hauingiliki bila mjomba mkubwa. Hata kuni za mle haziokotwi.

"Nilijua hawawezi kuingia mle bila kwenda kumwita mjomba Benedikto," Fidelis alisema. "Nikaona wakienda kumwomba ruhusa, atawauliza kuna nini. Atajua nilipo. Atashuka anitoe. Basi, ni hilo tu. Nilitaka mjomba aje."

Masikini ya Mungu! Mtoto wa mjini, wa pikipiki na miwani ya jua, lakini kipigo kilipomzidi alikimbilia utaratibu wa kwao. Hakujua kwamba wale askari, huyu wa Mara, yule wa Mtwara, mambo ya mjomba wa mtu hawana habari nayo. Waliingia na mabuti yao bila kubisha hodi kwa yeyote, na kando ya jiwe la tambiko wakamkuta Erick, amefunikwa majani makavu ya mgomba.

Wakili wa Serikali, bwana mmoja mtulivu aitwaye Elia, alisubiri watu wamalize kunong'ona. Halafu akainuka, na kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la msiba akamweleza Jaji kwamba Sheria ya Ushahidi haisemi kila ungamo lililotolewa kwa vitisho litupwe. Sheria inauliza jambo moja: je, vitisho vile vilikuwa vya kumfanya mtu aseme uongo? Huyu hakusema uongo, mwili ulikuwepo. Tuseme hata aliguswa, alisema Elia, na hatukubali kwamba aliguswa, bado alichokitoa ni ukweli.

Hidaya akaruka kwenye kiti. Akasema Katiba imekataza mtu kuteswa, na haikuweka mahali popote neno isipokuwa. Haikusema isipokuwa maiti ikipatikana. Tukiruhusu ukweli ulioletwa kwa bomba, alisema, kesho kila kituo kitakuwa na bomba lake, na ndugu zenu mtawapokea wakiwa hawawezi kushika kikombe.

Jaji akaandika, akaandika tena, akavua miwani. Uamuzi mdogo, akasema, atausoma kesho asubuhi. Fidelis akarudishwa mahabusu, anapita mbele ya mama yake bila kuruhusiwa kumgusa.

Nje kwenye baraza, Hidaya alimshika Felista mkono, akamwambia ukweli bila kuupaka mafuta. Hata tukishinda kesho, mama, hata Jaji akiyatupa yale maelezo, mwili hautatupika. Kila atakayeisikiliza kesi hii atajiuliza mwanao alijuaje. Jibu la mjomba ni zuri, mimi naliamini, lakini ni la kwake mwenyewe.

"Nipe mtu mwingine aliyeweza kuingia mle msituni," Hidaya alisema. "Mmoja tu. Nikimpata huyo, Fidelis anarudi nyumbani."

Felista aligeuka kumtafuta kaka yake. Benedikto hakuwepo kwenye baraza wala kwenye geti. Alikuwa ameondoka bila kuaga, na si kawaida yake hata kidogo.

Kabla hajapata kuwaza, mwanamke mwenye kanga nyeusi akamsimamia mbele. Alikuwa Hosiana, mjane wa Erick. Tangu kesi ianze, hawa wawili walikuwa wanapishana mlangoni bila salamu. Leo Hosiana alisema, na alisema polepole. Alisema alikaa miezi bila kaburi, mtoto wake anamuuliza baba amesafiri wapi, na yeye hana la kujibu.

"Wewe unalia mwanao alipigwa," Hosiana alisema. "Mimi Mungu anisamehe, nawashukuru waliompiga. Wasingempiga nisingezika."

Felista akampisha. Na msidhani Hosiana alikuwa peke yake. Mji mzima ulikuwa umegawanyika. Kwenye saluni za Mafiga watu walikuwa wanabishana mpaka nywele za wateja zinaungua. Mheshimiwa mmoja, jina lake nalihifadhi maana nina watoto wa kulea, alisema redioni kwamba wanaowatetea wahalifu wakawafuge majumbani kwao, polisi si shule ya chekechea. Mwanasheria mmoja akapiga simu kumjibu kwamba siku mheshimiwa akitajwa na mtu anayening'inia kwenye bomba, atabadilisha wimbo. Simu ikakatika, au ilikatwa, tusimsingizie mtu.

Felista hayo yote hayakumhusu. Alikuwa amesimama kando ya ukuta wa mahakama, na akilini mwake limeingia jambo ambalo hakulitaka.

Wiki ile ile Erick aliyopotea, mvua zilikuwa zimechelewa. Benedikto alipanda msituni kutambika. Felista mwenyewe ndiye aliyemsagia unga wa tambiko. Kaka mtu aliingia, akatoka, akasema mizimu imepokea, mambo yatakuwa mazuri. Na ule msitu, ndugu zangu, ni msitu kwa jina tu. Ni miti mikubwa michache imezunguka jiwe. Ukisimama langoni unaona mpaka mwisho wake.

Kama Erick alikuwa amelala kando ya jiwe, Benedikto alimwona. Na kama alimwona akarudi akasema mambo mazuri, basi ana la kuficha.

Hidaya alikuwa hatua chache tu kutoka pale, anazungumza na karani. Kumwita ilikuwa kazi ya kuinua mkono. Lakini hakumwita, na hapa ndipo ninapotaka kumshika huyu mama mabega nimtikise. Jambo la ukoo kwao huulizwa nyumbani kwanza. Mdogo hampeleki kaka yake mbele ya mgeni kabla hajamuuliza yeye mwenyewe uso kwa uso. Ndivyo alivyolelewa. Akatoka getini, akachukua bodaboda mpaka Bigwa, akaanza kupanda mlima kwa miguu.

Alimkuta Benedikto kwenye bustani yake ya kabichi, amevaa bado lile koti la mahakamani, anamwagilia. Anamwagilia kabichi mchana wa jua kali! Mkulima wa miaka yote ile, anajua fika kwamba anaziunguza.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Akaendelea kumwagilia. Felista akamnyang'anya ndoo, akaiweka chini. Hakumuuliza kama ni yeye. Alimuuliza kwa nini.

Mzee akakaa kwenye tuta, juu ya kabichi zake, akasema. Erick alikuja siku ile na vigingi vya kupimia. Ana mteja, akasema, mzungu mmoja anataka kujenga nyumba za wageni pale pale penye mandhari, na msitu utakatwa kidogo tu, miti miwili mitatu. Benedikto akamwambia ardhi hii haina wa kuiuza, ni ya watoto wa dada zetu na wa dada zao. Erick akacheka, akapanda juu ya jiwe la tambiko kupiga picha. Benedikto akamsukuma ashuke.

"Nilimsukuma tu, Felista. Alianguka kwa kisogo. Nilimwita, nikamwita, hakuamka."

Akamfunika na majani. Siku kadhaa baadaye akaenda kutambika pembeni ya maiti, kwa sababu asingekwenda watu wangeuliza. Alitaka kwenda kwa Padri, akaahirisha. Kisha Fidelis akakamatwa, na mjomba mtu akajifariji: bila mwili hawana kesi, watamwachia tu. Alikuwa na hakika kwamba hakuna binadamu atakayeutaja msitu ule.

"Umeuona mkono wa mwanangu leo?" Felista aliuliza.

"Nimeuona," Benedikto alijibu. "Ndiyo maana siwezi kwenda polisi. Mimi ni mzee. Kwenye lile bomba sitatoka."

Felista akampigia magoti kwenye udongo uliolowa. Alilia, alimkumbusha mama yao, alimkumbusha siku Fidelis alipozaliwa na yeye Benedikto akamshika wa kwanza akasema huyu ndiye atakayenirithi. Kesho asubuhi Jaji anasoma, kaka. Kesho asubuhi. Mzee akasimama, akajipangusa suruali.

"Mbele ya Jaji nitasema," alisema. "Kwa mdomo wangu. Polisi siendi."

Wakashuka pamoja, jua linaanza kuinama. Felista anapiga simu ya Hidaya, haipatikani. Anashuka kidogo, anapiga tena, haipatikani. Hidaya wa watu alikuwa ameizima, yuko mbele ya hakimu kwenye kesi nyingine ya maskini mwingine, lakini Felista angejuaje? Walipofika barabarani Bigwa, Benedikto akakaa kwenye jiwe. Akavua kiatu, akakikung'uta, akakivaa. Akasema amesahau rozari yake nyumbani. Aende mara moja, atarudi.

Felista akamtazama machoni. Anamjua kaka yake tangu wanaokota maembe pamoja. Alijua akipanda ule mlima leo hatashuka, na kabla ya kesho atakuwa amevuka ng'ambo ya pili, na mwanawe ndiye atakayelipa.

Akafanya alichokifanya. Simuni mwake alikuwa na namba ya Inspekta Gervas, tangu zile siku alizokuwa anakwenda kupiga kambi kituoni kuuliza habari za mwanawe. Hidaya alishamkataza mara chungu nzima: usizungumze na polisi bila mimi. Lakini mama mtu alijiambia, hawa si wanamtafuta muuaji? Muuaji si huyu hapa? Wakimpata wa kweli watamshikilia wa uongo kwa sababu gani? Akasogea pembeni, akapiga, akasema.

Gervas hakuchelewa. Alikuja na gari dogo la kiraia na vijana wawili, amevaa shati la kitenge, mpole kabisa. Akamwamkia mzee shikamoo. Akamfungulia mlango. Benedikto aliingia bila ubishi, na kabla mlango haujafungwa alimgeukia dada yake, akamtazama tu. Felista alitamani amtukane.

"Umefanya vizuri sana, mama," Gervas alimwambia. "Panda, twende wote."

Kituoni wakamkalisha kwenye benchi la korido, wakamletea soda. Kaka yake akapitishwa mbele yake, akaingizwa chumba cha mwisho. Felista akaishika ile chupa bila kuinywa. Hidaya bado hapatikani. Nje watu walikuwa wanafunga maduka, adhana ya magharibi imekaribia, na kila dakika iliyopita ilikuwa inaisogeza asubuhi.

Gervas akatoka, akaja kukaa naye kwenye benchi, mabega yakigusana kama majirani. Akashusha pumzi. Akamwambia mzee amegoma. Hataki kusema kitu, anasema anamtaka Jaji, na Jaji saa hizi yuko kwake anakula. Kesho asubuhi Jaji atasoma uamuzi kwa yale aliyonayo mezani, na mezani hana neno la mzee. Mzee akikaza hivi hivi mpaka asubuhi, akikana kila alichokuambia wewe bustanini, tutamwachia. Utabaki wewe unasema kaka yangu aliniambia. Nani atakuamini? Mama wa mshtakiwa.

Felista akasema, basi muulizeni vizuri.

"Tumemuuliza vizuri," Gervas alisema. "Tuna njia nyingine, unaijua. Lakini siku hizi tumetangazwa nchi nzima kwamba ni watesaji. Wakili wako ametufunga mikono, nawe ulikaa benchi la mbele unafuta machozi. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Tumwache mzee apumzike, au tufanye?"

Ndugu msomaji, weka gazeti chini kidogo. Wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu sehemu ya kwanza, unasema polisi hawa washenzi, ungesema nini? Una usiku mmoja. Mwanao wa pekee anakwenda kitanzini kwa kosa lisilo lake. Aliyelifanya yuko nyuma ya mlango ule pale, na funguo ya mdomo wake wanataka uwape wewe.

Felista aliwaza mkono wa Fidelis na kikombe cha maji. Aliwaza koti la Benedikto lililolowa kabichini. Alimkumbuka Hosiana akishukuru, na yeye asubuhi ile ile alimwona Hosiana hana utu. Akajaribu kuomba, hata Salamu Maria ikampotea katikati. Alijiambia kaka yake ana jambo moja tu la kusema, na ni la kweli, tena alishalisema. Akilirudia wataacha. Kidogo tu, na wataacha.

"Fanyeni," alisema.

Alilisema kwa sauti ndogo mno, ikabidi Gervas ainamishe sikio, amwombe arudie. Akarudia.

Inspekta akasimama, akanyoosha shati lake la kitenge, akatembea kwenda chumba cha mwisho. Mlango ukafungwa, komeo likaingia. Felista akabaki na chupa ya soda mapajani, akaziba masikio, akazibua, akaziba tena. Sauti ya kwanza ya kaka yake haikuwa neno. Hata ya pili. Ya tatu ilikuwa jina la mama yao.

Kisha Gervas akauliza, na ukuta ulikuwa mwembamba.

"Nani alimuua Erick?"

"Mimi," Benedikto alisema.

Felista akashusha pumzi, machozi yakamtoka kwa wingi. Imekwisha. Amesema. Ameshasema, sasa waache. Akainuka kwenye benchi kwenda mlangoni kuwashukuru, Mungu wangu, alikuwa anakwenda kuwashukuru.

Kipigo kikaendelea.

"Siyo wewe," Gervas alisema. "Anza upya. Nani alimuua Erick?"

"Mimi, afande. Nilimsukuma."

"Siyo wewe, mzee. Wewe ulikuwa bustanini. Ulimwona nani anaburuta maiti?"

Hapo ndipo Felista alipoelewa, na alielewa yote kwa mpigo. Benedikto akiwa muuaji, basi Fidelis hakuua. Fidelis akiwa hakuua, basi Inspekta Gervas alimning'iniza mtu asiye na hatia, akamvunja mkono, akaja kuapa kwa Biblia kwamba walikuwa wanakunywa chai. Katika mji mzima wa Morogoro hakuna mtu ambaye ungamo la Benedikto lingemmaliza kama Gervas. Na yeye, Felista, ndiye aliyempigia simu. Yeye ndiye aliyempa ruhusa.

Akaurukia mlango kwa viganja, kwa mabega, anaita jina la kaka yake, anawaambia waache, amekwishasema, ni yeye, ni yeye kweli. Askari wa zamu hawakumzuia hata. Walimwangalia tu.

Ndani, mzee alisema mimi mara nyingine. Na nyingine. Kila mara sauti ilikuwa inapungua. Halafu Gervas akauliza tena, polepole, kwa ule upole wake wa shati la kitenge.

"Ulimwona nani?"

"Fidelis," Benedikto alisema.

"Sema kwa sauti, mzee. Mama yake yuko hapo nje."

Akasema kwa sauti. Felista alisikia kiti kikivutwa, karatasi ikiwekwa mezani, na Gervas akimwagiza kijana wake amfungue mzee mkono mmoja aweze kusaini. Simu ikaanza kumtetemeka mfukoni. Alikuwa Hidaya, anapiga kwa furaha kumwambia amekaa akifikiria, na kesho asubuhi, kabla Jaji hajasoma, atamwomba amsikilize shahidi mmoja tu: mjomba mtu, Benedikto.